Shangazi wa Meza: "Nikizuia, baa nzima inanizomea"

Barua za mwezi huu kutoka kwenu wachezaji wa pool nyingi zinauliza jambo moja, na si kuvunja wala kuingiza mipira. Mnauliza kuhusu kuzuia, yaani kuuacha mpira mweupe mahali ambako mwenzako hawezi kuupiga wake vizuri, na kuhusu watu wanaowachezea akili mezani. Nimefurahi sana, maana nimelingoja swali hili kwa miaka. Nitajibu tano, na ya kwanza nitaijibu kwa kirefu.

*Shikamoo Shangazi. Mimi ni fundi pikipiki wa Mbagala, nina miaka 24. Jumamosi nilikuwa nimebakiza mipira mitatu, mwenzangu miwili. Sikuwa na mpira wa kuingia, nikaugusa wangu kidogo tu, mweupe ukaenda kujificha nyuma ya mweusi. Baa nzima ikanizomea: "Piga mpira kiume!" Mwenzangu akapiga kwa hasira, ikawa faulo, nikapewa mipigo miwili, nikamaliza. Akakataa kunipa mkono. Shangazi, kuzuia ni uoga? Na je, si ni kumchezea mtu akili?*

Marahaba, mwanangu. Hukuogopa. Ulipiga hesabu, tena ilikuwa hesabu sahihi.

Hebu tuirudishe hiyo Jumamosi mezani. Mwenzako amebakiza miwili na mweusi. Wewe huna mpira unaoonekana. Ungejaribu ule wa mbali kwa kubahatisha ukakosa, mweupe ungesimama popote, na yeye angekuwa na mipigo mitatu tu kabla ya kuondoka na mchezo. Kabla sijainama, mimi hujiuliza: nikikosa, namwachia nini? Jibu likiwa "namwachia mchezo", mpira huo siupigi, hata watu wakipiga meza za bia kwa ngumi.

Swali hilo nilifundishwa mwaka 1998 pale Msamvu, Morogoro, kwenye baa ya mjomba wangu. Nilikuwa nafuta meza na kuchenji noti za wateja wanaotafuta sarafu. Alikuwepo dereva mmoja wa lori, aliyekuwa akilala kwetu katika safari zake za Tunduma. Saa nne asubuhi hakuwa na mtu wa kucheza naye isipokuwa mimi. Alinifunga siku baada ya siku, na sikumbuki hata mara moja alipopiga mpira mgumu. Akiona hakuna njia, anaupeleka mweupe mahali ambako sioni kitu, halafu anakwenda kukaa juu ya kreti la soda, fimbo mapajani, anatazama barabara. Nikamuuliza kwa nini hatazami ninavyopiga. Akasema, "Mimi nimeshapiga. Hiyo sasa ni shida yako na meza."

Wenzetu wa snuka, ndugu ya pool inayochezwa kwenye meza kubwa, wanauheshimu upande huu wa mchezo kuliko sisi. Fainali ya dunia ya 1985 mjini Sheffield, Dennis Taylor na Steve Davis walifika fremu 17-17, yaani michezo 17 kila mmoja, na fremu ya mwisho ikachukua dakika 68. Sehemu kubwa ya dakika hizo ni watu wawili wanafichiana mpira mweupe, kila mmoja anakataa kuwa wa kwanza kufungua mlango. Saa sita ya usiku ikapita, na watu milioni 18.5 Uingereza walikuwa bado wako mbele ya televisheni. Taylor alikuwa amefungwa 8-0 mwanzoni mwa fainali ile. Hakuwahi kuongoza hata dakika moja mpaka mpira mweusi wa mwisho ulipoingia shimoni. Yule angesikiliza zomeazomea angekuwa ameshindwa tangu mchana.

Sasa nikufundishe kidogo, maana naona kule kujificha nyuma ya mweusi ulikufanya kwa hisia, na hisia inachoka usiku ukiwa mrefu.

Ukiugusa mpira pembeni kabisa, wembamba kama ganda la kitunguu, huo ulioguswa unasogea kidogo, lakini mweupe unabaki na karibu mwendo wake wote. Kwa hiyo unaweza kuutuma mpaka ukingo wa mbali na kurudi, ukasimama upande ambao mwenzako hana kitu. Huu ndio mpigo wa kuzuia ninaoupenda kuliko yote. Ukiugonga mpira katikati kabisa, ncha ya fimbo ikiwa chini kidogo ya kitovu cha mweupe, mambo yanageuka: ule mwingine unachukua mwendo wote unaondoka, mweupe unasimama palepale ulipogonga. Mpira wa kujifichia ukiwa jirani, umemaliza kazi. Na kuna ule wa wavivu, ambao hata hauhitaji kumficha mtu. Mpira wako ukiwa mdomoni mwa shimo, usikimbilie kuuingiza. Uache. Umeziba shimo lile kwa ajili yake, na kwako bado ni mpira wa bure. Vijana wengi wanasafisha mipira yao minne ya rahisi kwa furaha, kisha wanakwama kwenye wa tano, na meza yote iko wazi kwa mwenzao. Naiona kila wikiendi na inaniuma.

Lakini angalia kanuni. Chini ya blackball, kanuni za pool zinazotumika kwenye mashindano, ukishaugonga mpira wako, lazima uingie, au mpira wowote uguse ukingo baada ya hapo. Bila hivyo ni faulo. Kule kugusa tu mpira ukatulia pale pale, ambako vijiwe vingi wanakuruhusu, kwenye mashindano kutakugharimu. Jizoeze tangu sasa kumaliza kila mpigo wa kuzuia kwa ukingo.

Na ijue meza yako. Meza nyingi za kutumbukiza sarafu zina mpira mweupe mdogo kidogo au mzito kidogo kuliko mingine, ili meza iweze kuutenga na kuurudisha kila unapoingia. Mzito hausimami kirahisi, unataka kuendelea mbele hata ukiugonga mwenzake katikati. Mdogo na mwepesi unarudi nyuma upesi. Mimi nikifika meza ngeni, mchezo wa kwanza nautumia kuusoma mweupe, hata nikifungwa.

Hilo la kumchezea mtu akili. Mwanangu, ulimwachia swali mezani ukanyamaza. Hasira alikuja nayo mwenyewe. Mtu aliyefichiwa mpira kwanza anasikia aibu kwa watu, kisha anataka kuonyesha hajafichwa, anapiga kwa nguvu, na nguvu inatawanya mipira yako iliyokuwa imebanana. Amekufungulia meza. Mfichie mara mbili mfululizo, na mara ya tatu atajaribu mpira ambao asingeujaribu akiwa ametulia. Hapo umefika ndani ya kichwa chake kwa njia ya halali kabisa, bila kufungua mdomo.

Nenda kwake mnunulie soda. Mwambie uko tayari kumwonyesha mpigo ule. Na kama kijiwe chenu wana makubaliano ya "hakuna kuzuia", basi uliza kabla hujaweka sarafu yako kwenye foleni, na ukikubali kucheza, yafuate.

*Shangazi, pokea salamu zangu kutoka Kahama. Mimi ni mwanamke, nauza duka la dawa, na jioni nacheza. Kuna baba mmoja wa makamo, kila nikiinama anatikisa sarafu mfukoni, au anasimama nyuma ya shimo ninalolenga. Juzi alinisifia: "Leo mkono wako umenyooka, hicho kidole unakiwekaje?" Tangu hapo sijaingiza mpira. Ni mtu mzima, nashindwa kumwambia kitu.*

Dada yangu, nimeisoma barua yako mara tatu, na damu imenichemka.

Ile sifa ndiyo sumu kubwa kuliko zile sarafu. Mkono wako ulikuwa unajua kazi yake bila kuulizwa. Alipokuuliza kidole unakiwekaje, alikulazimisha ukitazame, na ukianza kukitazama kidole chako huwezi tena kuutazama mpira. Anajua anachofanya. Kanuni za kimataifa za pool zinataja tabia zisizo za kimichezo, na ya kwanza kabisa kwenye orodha ni kumvuruga mpinzani. Refa anaweza kumwadhibu mtu kwa hilo. Kwa hiyo usijione mdogo wala mwepesi wa kuudhika. Hiki unachofanyiwa ni kosa linalotambulika.

Fanya hivi. Akisimama nyuma ya shimo, usipige. Usipige ukiwa umeinama huku umeudhika, hata kidogo. Simama, rudi hatua moja, paka chaki upya, uangalie mstari wa mpira kutoka nyuma kama ndiyo kwanza umefika mezani. Halafu kwa heshima ya umri wake na kwa sauti ya kawaida: "Baba, samahani, naomba usogee nipige." Ukisema mara moja mbele za watu kwa adabu, watu wenyewe watamsogeza. Akikusifia, jibu "ahsante baba," kisha peleka macho yako yote kwenye sehemu ya mpira unayotaka kuigonga. Kuna alama pale, au mwanga wa taa, au ukingo wa namba. Tafuta kitu kidogo cha kutazama. Jicho likipata kazi, kidole kitasahauliwa.

Nakuambia haya nikiwa na deni. Mwaka 2006, tukiwa pale pale Morogoro, nilicheza na msichana mmoja aliyekuwa mzuri kuliko mimi. Alifika kwenye mweusi, mpira wa wazi, na mimi nilikuwa nimebakiza mitano. Nilijua ameachwa na mchumba wake wiki ile. Alipoinama nikalitaja jina la yule kijana, nikajifanya namuuliza mhudumu kama amepita. Alikosa. Nilishinda mchezo ule na kreti la soda. Hakusema neno, aliirudisha fimbo ukutani taratibu, akaondoka, na hakuja tena kwenye meza yetu. Nilimtafuta mwaka uliofuata nimwombe radhi, nikaambiwa amehamia Iringa. Sijawahi kufungua mdomo mwenzangu akiwa ameinama tangu siku hiyo, na wasichana ninaowafundisha Jumapili, wa kwanza kufanya hivyo anakaa nje mwezi mzima.

Huyo baba, ukimpata na mpira mweupe kwenye pembe mbaya, mfichie. Kisha nenda ukakae.

*Shangazi, mpinzani akienda kasi sana, je naruhusiwa kuchelewesha makusudi ili apoe?* (Msomaji wa Ubungo)

Hapana. Kuchelewesha mchezo kumo kwenye orodha ile ile niliyoitaja, na kwenye mashindano makubwa kama Mosconi Cup, pool ya Ulaya dhidi ya Marekani, mchezaji ana saa ya sekunde 30 kwa mpigo. Chukua muda wako wa kweli kila zamu, uwe sawa mwanzo mpaka mwisho. Kama anakwenda kasi, mpunguze kwa mpira mweupe.

*Shikamoo Shangazi. Mimi ni dereva wa bajaji hapa Musoma. Tatizo langu ni kinyume. Wao ndio wananizuia mimi. Nikikuta nimefichwa, nasikia joto mpaka masikioni, napiga tu liende. Nifanyeje?*

Marahaba, kijana wangu. Hilo joto la masikio nalifahamu, na dawa yake ni kujua kupiga kupitia ukingo. Mtu anakasirika pale asipokuwa na jibu. Ukiwa na jibu, hata la nusu, joto linashuka lenyewe.

Yupo Mfilipino mmoja, Efren Reyes, watu wa mchezo wanamwita Mchawi. Mwaka 1995, mjini Reno kule Marekani, alikuwa anacheza na Mmarekani Earl Strickland, na Strickland akamfichia mpira vizuri sana, sehemu ambayo mchezaji mwingine angeshukuru kuugusa tu. Reyes akautuma mweupe kingo mbili, ukaja kwa njia ya herufi Z, ukaugonga mpira wake, ukaingia. Mpaka leo watu wanautazama mpigo ule. Mimi nakuomba uangalie kile kinachotangulia: anavyoizunguka meza, anavyopima, uso wake hauna ugomvi na mtu. Mwaka uliofuata wawili hao walikutana tena Hong Kong, mshindi ni wa kwanza kufikisha michezo 120, zawadi dola 100,000, na Reyes akashinda 120-117. Siku kadhaa za kufichiana. Ungekuwa na masikio ya moto ungekwisha siku ya kwanza.

Njia ya ukingo mmoja ni hii. Pima umbali kutoka mpira wako hadi ukingoni. Kisha fikiria mpira mwingine upo upande wa pili wa ukingo, nje ya meza, umbali ule ule, kana kwamba ukingo ni kioo na unaona taswira yake. Lenga taswira hiyo. Piga kwa mwendo wa wastani na mweupe ugongwe katikati. Ukipiga kwa nguvu, mpira unatoka ukingoni kwa pembe iliyobana, unapita kabla ya pale ulipotaka. Kingo za meza kuukuu zimelegea na kila moja ina tabia yake, kwa hiyo meza unayocheza kila siku ijaribu kingo zote, uzijue kama unavyozijua mashimo ya barabara za Musoma.

Na usilenge kuingiza. Lenga kugusa tu, halali, na mpira uguse ukingo. Kosa la vijana ni kutaka kulipiza pale pale. Ukigusa kihalali umeshamrudishia mwenzako kazi, na sasa yeye ndiye anajiuliza. Kama njia zote ni mbaya, chagua ile ambayo ukikosa, mweupe utasimama mbali na mipira yake. Bado atapewa mbili, lakini mbili za mbali si sawa na mbili za karibu.

Kuhusu joto lenyewe: weka fimbo chini, kitako cha fimbo sakafuni, vuta pumzi mbili, tembea upande wa pili wa meza. Kutoka upande wa pili meza inafanana na meza nyingine. Mara nyingi njia ninayoitafuta nimeiona nikiwa nimesimama pale alipokuwa amesimama mwenzangu.

*Mimi ni mlinzi wa usiku wa baa moja hapa Singida. Mwenye baa ananiruhusu kutumia meza alfajiri kabla ya usafi, nusu saa. Nipo peke yangu. Kuzuia kunafanyiwa mazoezi vipi bila mpinzani?*

Nusu saa ya kila alfajiri ni utajiri, na umshukuru mwenye baa. Tawanya mipira sita tu, mitatu yako, mitatu ya "mwenzako", na mweusi. Usiingize hata mmoja. Piga mpira wako, kihalali, ukingo uguswe, kisha nenda upande wa pili uiname kama mpinzani. Je, kuna mpira wake unaouona kutoka mweupe hadi shimoni? Kama upo, umepata sifuri. Kama anaona mpira lakini hakuna njia ya kuingia, jipe moja. Kama haoni mpira wake wowote kwa mstari ulionyooka, jipe mbili. Iache mipira ilipo, endelea. Mipigo kumi, alama ishirini ndizo za juu.

Wiki ya kwanza usishangae ukipata nne au tano. Msichana wangu mmoja alianza na tatu mwezi wa Januari, sasa anafika kumi na mbili na huwa ananiita nije niiname mwenyewe nihakikishe. Tumia mwendo mdogo kuliko unaodhani unatosha, na andika alama zako kila siku kwenye daftari la zamu. Baada ya mwezi niandikie umefika ngapi.